Mume wa Kitabuni na Mume wa Nyumbani

Swali ninalotaka kulitazama katika sura hii ni hili: jambo lililoanzishwa bila hiari ya mtu, je, linakuwa la haki kwa sababu tu limeishia kwenye furaha? Swali hili laweza kuulizwa juu ya mambo mengi, juu ya utawala, juu ya dini, hata juu ya shule. Mimi nitaliuliza juu ya ndoa, kwa kuwa huko ndiko linakomgusa kila mtu, na nitalianzia mahali ambapo pengine msomaji hakutazamia, yaani kwenye riwaya nyepesi ya mapenzi ya Kiingereza.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, maktaba yetu ilikuwa na rafu moja ya vitabu vilivyoachwa na wakufunzi wa kigeni waliokwisha kurudi kwao. Siku zile Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa bado bichi, na mchakamchaka wetu wa alfajiri haukwisha bila nyimbo za kuwalaani mabepari na makabaila. Lakini kwenye rafu ile makabaila walijaa tele, wamevaa soksi za hariri na nywele za bandia, nao kazi yao kubwa ilikuwa kuoa. Tulivisoma vitabu hivyo usiku kwa taa ya chemli, kwa kisingizio cha kujiongezea Kiingereza.

Kimoja kati yake kiliandikwa na mwanamke Mwingereza aitwaye Georgette Heyer, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1974. Baadaye sana ndipo nilipopata kujua kwamba mama huyu alipata kuishi katika nchi yetu. Mume wake, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini, na mwishoni mwa miaka ya 1920 walikaa Kyerwa, katika Karagwe, kulikokuwa na machimbo ya bati. Walikaa katika nyumba ya nyasi, porini, wanyama wakali wakipita karibu. Na humo ndimo alimoandika riwaya yake The Masqueraders, iliyotolewa mwaka 1928, inayosimulia mambo ya mabwana na mabibi wa Uingereza ya karne ya 18. Huwa natabasamu nikimfikiria akiandika habari za kasri na magari ya farasi, huku nje ya mlango wake watu wa Karagwe wakipeleka posa na kuhesabu mahari. Yaliyokuwa kalamuni mwake na yaliyokuwa mlangoni pake hayakuwa mbali kama alivyoweza kudhani.

Kitabu nilichokisoma mimi ni kingine, The Convenient Marriage, cha mwaka 1934. Kwa lugha yetu tungekiita Ndoa ya Manufaa. Habari yake kwa ufupi ni hii. Familia ya Winwood ina jina kubwa na mfuko mtupu. Kaka mtu ni mcheza kamari, madeni yamemfika shingoni. Anatokea kabaila tajiri, Earl wa Rule, mwenye miaka 35, anayetaka kuoa katika nyumba hiyo, na wazee wanaamua kumpa binti mkubwa, Elizabeth. Lakini Elizabeth anampenda askari maskini, Edward Heron. Basi mdogo wao wa mwisho, Horatia, mwenye miaka 17 na kigugumizi, anashika njia kwenda nyumbani kwa yule kabaila na kumwambia, kwa maneno ya kukwamakwama, kwamba amwache dada yake na badala yake amwoe yeye. Na kabaila anakubali.

Mtu huyu anaonekana mbele za watu kuwa mvivu, mwenye macho ya usingizi, asiyejali lolote ila mavazi. Mkewe anaamini kwamba alimwoa kwa ajili ya heshima ya nyumba tu. Adui wa mumewe anataka kumtumia binti huyu kulipiza kisasi, pini ya thamani inapotea mahali pabaya, naye anahangaika kuficha jambo ambalo hakulikosea, kwa kuwa anadhani mumewe hatamsadiki. Kumbe mume alikwisha kujua kwamba mkewe hana hatia, na alikuwa akingoja tu kuaminiwa. Tunacheka, tunafurahi, tunafunga kitabu.

Sasa, msomaji wangu, mpe mzee yeyote wa kwetu hadithi hii naye atakuambia mara moja: unaona? Wazee hawakukosea. Mapenzi ni mti, huota baada ya kupandwa. Hii ndiyo hoja yenyewe, na haifai kudharauliwa, maana ina ushahidi. Mimi mwenyewe ni mmoja wa ushahidi huo.

Mama yangu aliozwa kwa baba yangu bila kumfahamu. Alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, akipita na ng'ombe. Mshenga alikuja na jembe, kama ilivyokuwa desturi ya Wahehe, wazee wakakaa, wakauliza habari za ukoo: kama kuna ugonjwa wa kurithi, kama kuna wavivu, kama kuna watu wa kupigana. Wakaridhika. Mama alinisimulia kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akimpikia baba kama anayempikia mgeni. Katika mavuno ya pili baba aliugua, naye akashangaa kujikuta analia. Walikaa pamoja miaka zaidi ya 50, na baba alipofariki, mama hakukaa sana.

Lakini mama alikuwa na mdogo wake. Huyu naye aliozwa miaka mitatu baadaye, kutoka nyumba ileile, na wazee walewale, kwa mshenga yuleyule na jembe la namna ileile. Maswali yaliyoulizwa yalikuwa yaleyale na majibu yalikuwa mazuri vilevile. Mume wake alikuwa mtu wa kuheshimika hadharani, mkarimu kwa wageni, na ndani ya nyumba alikuwa fimbo. Mama mdogo alirudi kwao usiku mara tatu. Mara tatu alirudishwa, na kila mara aliambiwa maneno ambayo nimeyasikia kwa masikio yangu nikiwa mtoto: "Hujamwelewa bado mumeo. Vumilia, utamwelewa." Alivumilia mpaka akazeeka. Kumwelewa, alimwelewa tangu wiki ya kwanza.

Nawaweka ndugu hawa wawili pamoja kwa makusudi. Kama tungemwuliza mama peke yake, tungesema desturi ile ni njema. Kama tungemwuliza mama mdogo peke yake, tungesema ni mbaya. Tukiwauliza wote wawili tunagundua jambo jingine: kwamba furaha ya mmoja na mateso ya mwingine havikutoka kwa wazee. Wazee walifanya kazi moja, kwa bidii moja, wakapata matokeo mawili. Basi furaha ya mama yangu ilitoka wapi? Ilitoka kwa baba yangu, ambaye alikuwa mtu mwema, na kwa mama mwenyewe. Wazee walibahatisha. Na mtu anayebahatisha kwa mali yake tunaweza kumsamehe. Anayebahatisha kwa maisha ya mtu mwingine anatudai maelezo.

Tena si wazee wadogo tu waliokosa kuuona moyo wa mkwe. Hapa kwetu tunakumbuka habari za Munyigumba, baba yake Mkwawa, mtawala aliyeziunganisha koo nyingi za Uhehe kuwa nchi moja yenye nguvu. Hakuna atakayesema Munyigumba hakujua kupima watu. Hata hivyo, alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, mkwe wake Mwambambe aligeuka kuwa mshindani wa Mkwawa, akataka utawala. Vita yao ilifikia kikomo Ilundamatwe, Mwambambe akashindwa na kuuawa, na damu nyingi ilimwagika mahali pale. Ikiwa mtawala aliyeona mbali kiasi hicho hakuweza kuyaona yaliyokuwa moyoni mwa mkwe wake, tutamlaumuje mzee wa kijiji mwenye mashamba mawili ya mahindi? Lakini pia, tutamwaminije?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii kwa kawaida tunaitumia kuwanyamazisha watu wanaosema juu ya mambo ya wenzao. Mimi naiona ni methali ya ndoa. Wazee huchagua kitanda, binti hulala.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya mume wa kitabuni na mume wa nyumbani. Mume wa kitabuni ni mwema kwa sababu mwandishi ameamua awe mwema. Tangu ukurasa wa kwanza mwandishi anajua kwamba chini ya uso ule wa usingizi kuna moyo wa haki, na ametuficha kidogo tu ili atufurahishe baadaye. Wale tuliofundisha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na ikatolewa mwaka 1969, tunakumbuka kisa cha namna hiyohiyo. Portia amefungwa na wosia wa marehemu baba yake: atakayechagua kasha la kweli kati ya la dhahabu, la fedha na la risasi, ndiye atakayemwoa, apende asipende. Na kwa bahati njema anayepatia ni Bassanio, yule ambaye moyo wa Portia umekwisha kumchagua. Wanafunzi wangu wa kiume walipenda kusema kwamba baba wa Portia alikuwa na hekima. Niliwauliza: je, kama Mwana wa Mfalme wa Morocco angelifungua kasha la risasi? Walinyamaza. Hekima ya marehemu yule ilikuwa mkononi mwa Shakespeare. Mabinti wa kwetu hawana Shakespeare wa kuwapangia makasha.

Tena wakati mwingine makabaila wenyewe ndio wanaoshika kalamu. Mwaka 1970, kule Zanzibar, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na habari ile ikasikika dunia nzima. Zilitolewa hoja nzuri: kuondoa ubaguzi, kuunganisha watu wa asili mbalimbali. Mimi sibishani na nia ya kuondoa ubaguzi. Nauliza tu kwa nini daraja hilo lijengwe juu ya migongo ya wasichana wanne ambao hawakuulizwa. Hata kama ingethibitika kwamba mmoja wao baadaye alipata mume mpole, upole huo ungekuwa sifa ya mume, usingekuwa haki ya jambo lililotendeka.

Lakini nisiwaonee waandishi wa riwaya nyepesi. Nilipokisoma tena kitabu cha Heyer nikiwa mtu mzima, niliona jambo ambalo ujana ulinificha. Horatia hakuozwa. Aliyekuwa anaozwa ni Elizabeth, na mwandishi anamwokoa mapema, kana kwamba anajua kuwa hadithi haitakuwa na utamu binti mwenye moyo mahali pengine akikokotwa hadi kanisani. Horatia alikwenda kwa miguu yake, akasema kwa kinywa chake, akataja kasoro zake mwenyewe na masharti yake. Na yule kabaila alimsikiliza msichana mwenye kigugumizi mpaka mwisho wa sentensi yake. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya wema wake, na ipo wazi kabla ya mambo yote ya panga na pini. Kwa hiyo hata riwaya hii, ambayo jina lake linasifu ndoa ya manufaa, imejengwa juu ya hiari. Ukiiondoa hiari ile, kicheko kinakwisha.

Wapo watakaosema: hata mabinti wetu huulizwa, nao hukubali. Ni kweli huulizwa. Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, miaka ya 1980, baba mmoja alikuja kuniambia kwamba binti yake wa darasa la saba hatarudi tena, maana amepata mchumba, mfanyabiashara wa vitunguu, mtu wa makamo. Nilimwuliza kama binti ameridhika. Akajibu, "Mwalimu, ameulizwa mbele ya wazee, akanyamaza." Kwa wengi wetu kimya cha binti ni ridhaa, na wakati mwingine huwa hivyo kweli, kwa maana haya nayo ina lugha yake. Lakini kimya kina maana pale tu ambapo kusema kunawezekana.

Nikaomba binti aitwe, na bibi yake mzaa mama awepo. Tulikaa chini ya mti, baba, bibi, binti na mimi. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hakuna kiboko. Unataka au hutaki?" Aliinama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikisema sitaki, leo nitalala kwa nani?"

Katika miaka yangu yote ya kusoma na kufundisha sijapata swali la falsafa lililo zito kuliko hilo. Sisi husema juu ya uhuru wa kuchagua kana kwamba ni kitu kilichoko kichwani. Binti yule alijua kwamba uhuru una paa, una mkeka na una chungu jikoni. Asiye na mahali pa kurudi baada ya kusema hapana, huyo hajaulizwa, amejulishwa tu. Bibi yake ndiye aliyejibu. Alisema, "Utalala kwangu, mjukuu wangu," akakaza kanga yake, basi. Na binti akasema hataki. Baba yake alikasirika, akaondoka, hakunisalimu kwa mwaka mzima. Mtoto alifanya mtihani wake. Aliolewa miaka kadhaa baadaye na mtu aliyemtaka mwenyewe. Kama ndoa hiyo ina raha kuliko ile ambayo ingekuwa, sijui wala si hoja yangu.

Naam, si hoja yangu, na hapa naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba vijana huchagua vizuri kuliko wazee. Nimeona ndoa nyingi zilizoanza kwa barua za kunukia marashi zikaishia baraza la usuluhishi la kata. Macho ya mapenzi huona karibu tu. Wazee, wanapouliza habari za ukoo, huona mbali kidogo zaidi. Kama tungepima kwa matokeo peke yake, huenda mizani ingelala sawasawa. Sababu ya kumwachia binti neno la mwisho ni kwamba yeye ndiye atakayekaa na jibu. Mtu akibeba mzigo aliouchagua akauona mzito, ataulaumu mzigo, au atajilaumu mwenyewe, na yote mawili yana dawa. Akibeba aliobebeshwa, atawalaumu waliompenda, na hilo halina dawa.

Sheria yetu ililiona jambo hili, ijapokuwa kwa jicho moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 16 kwamba ndoa haifungwi ila kwa ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Inasema pia kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa, maana yake mahari ni heshima, si bei. Lakini sheria hiyohiyo iliweka umri wa msichana kuwa miaka 15, na aliye chini ya miaka 18 akahitaji idhini ya baba. Kifungu kimoja kinamwuliza binti, kingine kinamwuliza baba yake. Na katika nyumba nyingi sote tunajua ni jibu la nani lililosikika. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vya umri, cha 13 na cha 17, vinapingana na Katiba, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Majaji waliandika kurasa nyingi. Nadhani bibi yule wa chini ya mti angezielewa zote.

Limebaki jambo la kabaila asiyeeleweka. Hili ndilo fundisho la hatari zaidi katika riwaya za aina hii, na pia ndilo fundisho lake zuri zaidi, ikitegemea nani anayesoma. Hatari yake ni kwamba humfundisha msichana kumngojea mume mkali afunuliwe kuwa mpole. Kila kofi linakuwa fumbo, kila usiku asiporudi nyumbani inakuwa sura nyingine ya kitabu, na ukurasa wa mwisho haufiki. Mama mdogo aliwekwa katika kitabu cha namna hiyo bila kujua kusoma. Yafaa tuwaambie binti zetu waziwazi: yuko mtu asiyeeleweka, na yuko mtu anayeeleweka vizuri sana.

Watatofautishwaje? Hapa Ilula, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, tunauza nyanya kwa matenga. Kila mnunuzi mzoefu anajua kwamba nyanya za juu hupangwa kwa ajili ya macho. Hazitazami hizo, anaingiza mkono mpaka chini, au anaomba tenga limwagwe. Wakati mwingine hukuta uozo chini ya uzuri. Lakini mara nyingine za juu zimechubuliwa na jua, tenga limesimama tangu asubuhi halina mteja, na za chini ni nzima kabisa. Mtu asiyeeleweka ni kama tenga hili la pili: sifa yake ni mbaya kuliko matendo yake. Yule mwingine, sifa yake ni nzuri kuliko matendo yake. Kabaila wa Heyer alisemwa vibaya na watu, ila tangu siku ya kwanza matendo yake kwa msichana yule yalikuwa ya adabu. Mume wa mama mdogo alisifiwa na watu wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyelijua tenga mpaka chini. Basi yasikilizwe maneno ya aliyetia mkono, si ya wapita njia.

Na uzuri wa fundisho hilo ni nini? Ni kwamba mwenzako hutamjua kwa siku moja, hata kama umemchagua mwenyewe. Hapa ndoa ya kuchaguliwa na ndoa ya kuchagua hukutana. Mimi nilimchagua mke wangu kwa macho yangu, tukiwa walimu wapya katika wilaya moja, na bado ilinichukua miaka kuelewa kwamba akinyamaza amekasirika na akigomba amekwisha kusamehe. Kila anayeoa anaoa mgeni. Subira ambayo mama yangu aliitumia kumjua baba ilikuwa kipaji cha kweli, na vijana wa leo wanaovunja nyumba kwa neno moja la jioni wangefaa kuirithi. Ila subira ni zawadi. Anaitoa mwenye nayo, kwa anayestahili, naye ana haki ya kuacha kuitoa. Ukimlazimisha mtu awe nayo, umeshamnyang'anya.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hapana. Mwisho mwema haugeuki nyuma kuutakasa mwanzo mbaya. Furaha ya mama yangu ilikuwa ya kweli, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa kuwa bila hiyo nisingekuwepo kuandika haya. Lakini siwezi kuichukua furaha hiyo na kuwalipia nayo wazee deni lao kwa mdogo wake.

Washenga bado wapo, na sioni ubaya wawepo. Ni kazi ya heshima kuunganisha nyumba mbili, kuuliza habari za ukoo, kupunguza ukali wa maneno siku ya mahari. Ningependa tu waongeze swali moja katika yale ya zamani, waliulize kabla jembe halijapokelewa, na wamwulize binti mwenyewe, mbele ya mtu mzima anayempenda: ukisema hapana, utalala wapi usiku wa leo? Akiwa na jibu la swali hilo, ndipo waendelee na mengine.